SHINGO ILIYOBEBA NCHI: Historia ya shingo kukaza, kuanzia wapagazi wa kale mpaka kijana wa simu

Ukipita Iringo asubuhi, pale Musoma mjini, utakutana na watu wa aina mbili wanaotembea bila kugeuza kichwa. Wa kwanza ni mama mwenye beseni la samaki kichwani. Hageuki kwa sababu akigeuka tu, mtaji wote uko chini. Wa pili ni kijana aliyeamka shingo imekaza. Ukimwita jina anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mama anapewa njia kwa heshima. Kijana anachekwa: "Pole bana, umelala vibaya!"

Kumbe hawa wawili wana historia moja. Vitabu vya shule vimejaa majina ya magavana, machifu, wapelelezi na wamisionari. Mkoa wa Mara wenyewe unajulikana dunia nzima kwa jina la mtu mmoja aliyezaliwa Butiama mwaka 1922. Sawa kabisa, hakuna ubishi. Lakini bunduki, vitambaa, pembe za ndovu, unga wa jeshi na maji ya kunywa vilisafiri juu ya shingo za watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Hii makala ni yao. Na ni ya kila mdau aliyewahi kuamka akashindwa kuangalia kushoto.

KWANZA, HIYO SHINGO YENYEWE

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Twiga, mnyama wetu wa taifa, naye anazo 7 zilezile, ila za kwake ni ndefu. Juu ya hizo pingili 7 kinakaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 na nusu mpaka 5, yaani karibu sawa na mfuko wa unga wa kilo 5 unaotembea nao tangu asubuhi mpaka usiku bila kuushusha.

Kinachozuia huo mfuko usidondoke ni misuli. Upo mmoja kila upande unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka mbele mpaka kwenye mtulinga na mfupa wa kidari. Geuza kichwa upande mmoja, kisha pitisha mkono upande wa pili wa shingo, utaushika umesimama kama kamba. Nyuma kuna mwingine mpana unaoanzia kisogoni, unatambaa mabegani na kushuka mgongoni. Hiyo ndo misuli inayochoka, inayokaza, na wakati mwingine inayovuta kichwa kikakaa upande.

Shingo ya kawaida ya "nimelala vibaya" inatokea pale msuli au kiungo kidogo kati ya pingili kinapochokozwa. Labda ulilalia mito mitatu, au ulilala kwenye kiti cha basi la usiku kutoka Dar kichwa kikining'inia, au jana yake ulibeba magunia. Kiungo kikiuma, mwili unajilinda kwa kuibana misuli inayokizunguka ili kisisogee. Msuli uliobanwa nao unaanza kuuma, ukiuma unabana zaidi, na mzunguko unaanza. Ndo maana ukijilazimisha kugeuka kwa nguvu inazidi, na ukikaa kimya kama sanamu wiki nzima nayo inazidi.

Sasa turudi nyuma, kwa waliobeba kweli.

WAPAGAZI: KILO 27 MPAKA 32, KUTOKA BARA MPAKA BAHARINI

Karne ya 19, kabla ya reli, bidhaa zote kati ya pwani na maziwa makuu zilitembea kwa miguu. Punda na farasi hawakufaa sana, maana mbung'o waliwamaliza njiani. Akabaki binadamu. Ndipo ikazaliwa kazi ya upagazi, na watu waliosifika kwayo kuliko wote ni Wanyamwezi. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 mpaka 70, sawa na kilo 27 mpaka 32. Hapo bado mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Na kulikuwa na mitindo. Watu wa pwani walizoea kubeba kichwani. Wanyamwezi walipenda begani, na pembe za ndovu zilipita hivyo, bega hili likichoka anahamishia lile. Mzigo wa kichwani unashuka wima kupitia pingili zote 7, na shingo lazima inyooke kama mlingoti. Mzigo wa begani unaivuta shingo upande mmoja, na msuli wa upande wa pili unafanya kazi ya kuzuia mwili usipinde. Kila mtindo ulikuwa na maumivu yake.

Msafara ulikuwa na wanawake pia. Walibeba vyombo, chakula na watoto, wakapika jioni wakati wanaume wamejilaza. Wao hata kwenye hesabu za mishahara mara nyingi hawakuwepo.

Watu wa zamani hawakuwa wajinga lakini. Walikuwa na kifaa cha kuilinda shingo: kata, au ngata kama wengi wanavyoiita leo (kata ya kichwani, sio kata ya diwani!). Ni nyasi, majani ya mgomba au kitambaa kilichoviringishwa duara. Kazi yake si kupunguza uchungu wa utosi peke yake. Ngata inatandaza uzito kwenye eneo pana na kuufanya mzigo ukae katikati, juu kabisa ya mstari wa uti wa mgongo. Mzigo ukikaa katikati, mifupa inabeba na misuli inasaidia kidogo tu. Ukihama sentimita chache pembeni, misuli ya upande mmoja inageuka kuwa ndo mbebaji. Kile kipande cha kitambaa ni teknolojia kamili, na aliyekigundua jina lake halipo popote.

KARIAKOO NI JINA LA SHINGO ZA WATU

Mwaka 1914 vita ya Wazungu ikaingia Afrika Mashariki. Mara ilikuwa upande wa Wajerumani, na ng'ambo ya mpaka tu, Kenya ya leo, walikuwepo Waingereza. Reli ya kati ilishafika Kigoma, na ile ya Uganda ilishafika ziwani Kisumu tangu 1901, lakini vita haikupiganwa kando ya reli. Ilipiganwa porini, kwenye matope ya Rufiji na milima ya kusini. Risasi, unga na dawa vikarudi palepale: juu ya vichwa.

Waingereza peke yao waliandikisha wabebaji takriban milioni moja katika vita hiyo ya Afrika Mashariki. Wengi hawakwenda kwa hiari. Waliokufa ni zaidi ya 95,000 kwa hesabu za serikali yenyewe, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Wajerumani nao walikuwa na wabebaji wao, waliozunguka na jeshi mpaka liliposalimu amri Novemba 1918, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya.

Kikosi cha wabebaji upande wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Kambi yao Dar es Salaam ikaacha jina pale sokoni, na Nairobi nako kuna Kariokor yao. Kwa hiyo kila mtu anayesema "naenda Kariakoo kununua mzigo" anawataja wale wabebaji bila kujua. Na cha kushangaza, mtaa ule mpaka leo unaendeshwa na watu wanaobeba mizigo kichwani na begani.

Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar iliwekwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawakumbuka pamoja na wabebaji. Ila anayeonekana juu ni askari na bunduki yake. Mbebaji hayupo. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita ile hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kusema hivyo.

AKINA MAMA WALIOWASHANGAZA WANASAYANSI

Mizigo ya misafara ikahamia kwenye reli, malori na meli za ziwani. Ndoo ya maji haikuhama. Ilibaki pale pale, kichwani kwa mwanamke.

Mwaka 1986 jarida kubwa la sayansi duniani, Nature, lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu. Waluo ni watu walewale waliojaa Rorya, huku huku Mara. Wanawake wa Kiluo walibeba kichwani, wa Kikikuyu walibeba mgongoni kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso. Waliwekwa kwenye mashine ya kutembelea, wakapimwa hewa wanayovuta ili kujua nguvu wanayotumia.

Matokeo? Mpaka mzigo unafika asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu ya ziada yoyote ukilinganisha na kutembea mikono mitupu. Asilimia 20 bure! Mwaka 1995 utafiti mwingine ukaeleza sababu: hatua zao zinafanya mwili uyumbe kama pendulamu ya saa ya ukutani, kila kushuka kunaipa nguvu hatua inayofuata, na wao wanapoteza kidogo sana kwenye huo mzunguko. Kujua huko kunaanza utotoni, na kibuyu kidogo au kopo la lita 3.

Stori hiyo ilipendwa sana, na watu wengi wakaishia hapo. Lakini fanya hesabu mdau. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, hujaweka ndoo yenyewe. Hiyo ni theluthi ya mwili wake. Zile kilo za juu ya 12 analipa, na anayelipa kwanza ni shingo.

Baadaye watafiti wengine waliwapima wanawake wa Afrika Kusini na hawakuikuta ile nafuu kwa kila mtu. Wengine ilikuwepo, wengine haikuwepo, na shingo ndiyo iliyolalamikiwa sana kwenye kubeba kichwani. Ghana mwaka 1994 ulitoka utafiti wa picha za eksirei za shingo, ukaonyesha pingili za wabeba mizigo ya kichwani zimesagika kuliko za wasiobeba. Na Bangladesh, kuanguka ukiwa na mzigo mzito kichwani ni moja ya sababu zinazojulikana za kuvunjika shingo na kupooza.

Kwa hiyo sifa ya "mama wa Kiafrika ana shingo ya chuma" ni nusu ya ukweli. Ana ujuzi wa hali ya juu, hiyo ni kweli. Shingo ya chuma hana. Akirudi nyumbani jioni akasema shingo inamkaza, haimaanishi kazeeka wala anadeka. Mtu amebeba theluthi ya mwili wake mara nne kwa siku kwa miaka 30, msikilize basi.

KILO 27 ZAREJEA, SAFARI HII MFUKONI

Sasa kijana wa leo atasema: mimi sijawahi kubeba hata ndoo, mbona shingo inakaza?

Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa uti wa mgongo kutoka New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu ya kichwa kinachoinama. Kichwa kikiwa wima, shingo inabeba zile kilo 5 tu. Kikiinama nyuzi 60, yaani kile kichwa cha mtu anayeperuzi simu ameiweka mapajani, mvuto juu ya shingo unafika karibu kilo 27. Wataalamu wengine wanasema hesabu za karatasini si sawa na mwili wenyewe, na wapo waliopima watu wasione uhusiano mkubwa kati ya simu na maumivu. Sawa. Ila kanuni yenyewe ni ya kweli: kitu kizito ukikiondoa juu ya nguzo yake, kamba za nyuma zinavuta.

Angalia hiyo namba tena. Kilo 27. Ndo ule mzigo mdogo kabisa wa mpagazi wa Bagamoyo. Tofauti ni kwamba mpagazi alilipwa posho, alikuwa na ngata, na jioni alitua mzigo. Kijana wa bando la usiku hatui mpaka saa nane, na akitua analala na mito mitatu.

SHINGO ILIYOPINDA NA KUITWA WAZIMU

Kuna shingo kukaza, na kuna shingo kupinda kabisa, kichwa kimelala upande na hakirudi. Hii nayo ina historia ndefu.

Aleksanda Mkuu, yule mfalme aliyefariki mwaka 323 kabla ya Kristo, mwandishi Plutarch anasema kichwa chake kiliinama kidogo upande wa kushoto, na wachongaji walimchonga hivyo. Madaktari wa leo bado wanabishana kama ilikuwa ni shingo au macho. Yeye akiwa mfalme, wenzake wakaiga pozi lake. Mtoto wa maskini mwenye shingo hiyohiyo hakuigwa, alitengwa.

Wapo watoto wanaozaliwa au kuonekana wiki za mwanzo na msuli mmoja wa shingo mfupi, kichwa kimeelekea upande mmoja na kidevu upande mwingine. Wakati mwingine kuna kauvimbe kadogo kwenye msuli. Mwaka 1822 huko Paris, daktari Guillaume Dupuytren aliukata msuli wa namna hiyo kwa kupitisha kisu chini ya ngozi ili asiache kovu kubwa. Leo watoto wengi hawahitaji kisu. Wanahitaji mazoezi ya kunyoosha, yanayofundishwa kliniki na kufanywa nyumbani kila siku, na kadiri yanavyoanza mapema ndivyo yanavyofanya kazi. Tatizo ni familia kusubiri mtoto "akomae", au kuanza kumtafuta aliyemtupia jicho, miezi inayoyoma.

Kuna inayowapata watu wazima: misuli inavuta yenyewe, kichwa kinageuka bila mwenyewe kutaka, taratibu miezi kwa miezi. Ina jambo moja la ajabu. Mgonjwa akigusa tu kidevu au shavu kwa kidole, kichwa kinarudi sawa kwa muda. Hilo liliwaponza wagonjwa kwa miaka mingi. Madaktari wa Ulaya walisema: kama kidole kinatosha, basi ni akili, anajifanya. Wengi wakapelekwa kwa waganga wa akili. Mpaka miaka ya 1970 ndipo daktari wa mishipa ya fahamu wa Uingereza, David Marsden, alipoisimamia hoja kwamba hitilafu iko kwenye sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa misuli. Sio wazimu, sio kujifanya. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha tiba yake kwa sindano za sumu ileile ya nyama iliyooza, ambayo daktari Mjerumani Justinus Kerner aliichunguza miaka ya 1820 baada ya watu kufa kwa soseji. Kiasi kidogo sana kikidungwa kwenye msuli unaovuta, unalegea kwa miezi kama mitatu.

Kama Paris na London waliita wazimu mpaka juzi juzi, Mara nako kuna waliosema mapepo. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Na hii ya mwisho kwenye kundi hili inatakiwa ijulikane kila nyumba. Kuna dawa za kawaida zinazoweza kupindisha shingo ghafla. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi ni mojawapo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli. Inawapata zaidi vijana na watoto. Mtu anapewa dawa, baada ya saa chache au siku moja mbili shingo inavutwa upande, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito, na fahamu anazo zote. Nyumba nzima inaanza kukemea. Hospitalini kuna sindano inayoituliza kwa dakika chache. Beba na ile pakiti ya dawa aliyokunywa, hiyo pakiti ndo jibu lenyewe.

SHINGO AMBAYO SIO YA KUSUBIRI

Jina la Kiswahili limesema kila kitu: homa ya uti wa mgongo. Utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo unavimba kwa maambukizi, na mwili unaikaza shingo ili utando usivutwe. Mgonjwa hawezi kugusisha kidevu kifuani. Ana homa, kichwa kinapasuka, anatapika, hataki mwanga, anaanza kuchanganyikiwa au kusinzia. Mwaka 1909 daktari wa watoto wa Poland, Józef Brudziński, alieleza alama moja: ukimlaza mgonjwa chali ukamwinua kichwa, magoti yanajikunja yenyewe. Madaktari wanaitumia mpaka leo.

Zamani ugonjwa huu uliua karibu kila aliyeupata ule wa bakteria. Dawa za kuua bakteria zilibadilisha hesabu, lakini dawa hizo zinashindana na saa. Kuchelewa nusu siku kwa kuchuliwa mafuta ya moto kunaweza kuwa tofauti ya mtu kuishi, kufa, au kubaki kiziwi.

Mwingine ni pepopunda. Kidonda cha msumari, panga au kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu kinaingiza vijidudu vyake. Taya linakaza kwanza, kisha shingo, kisha mgongo unapinda kama upinde. Chanjo ipo, ndo maana wajawazito wanachomwa ile sindano kliniki. Usiikwepe.

NIFANYE NINI SASA?

Kwa ile ya kawaida, ya kuamka imekaza bila homa na bila kuanguka, mambo ni machache:

1. Usiilazimishe na usiizuie. Geuza taratibu kushoto na kulia, inua na shusha, mpaka pale maumivu yanapoanza, kisha rudi. Mara kadhaa kwa siku.

2. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 15 mpaka 20. Jaribu kwanza kwenye mkono usije ukajiunguza.

3. Panadol kwa kipimo kilichoandikwa, sio kwa hasira.

4. Mto mmoja unaojaza nafasi kati ya shingo na godoro. Usilale kifudifudi.

5. Mzigo wa kichwani uache siku hizo. Ukirudi kubeba, gawanya: safari mbili za lita 10 ni bora kuliko moja ya 20. Na ngata isikosekane.

6. Simu inyanyue ije usoni, usiinamishe uso uende kwenye simu.

Ya namna hii huanza kulegea ndani ya siku chache, na wengi wanapona ndani ya wiki moja au mbili.

Na lile suala la saluni. Kijana ananyolewa, anapakwa spiriti, kisha kinyozi anakamata kichwa, anakizungusha ghafla: ka! Watu wanalipia. Ndani ya zile pingili inapita mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo. Kuvunjwa shingo ghafla kunaweza kuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda, ikaleta kiharusi, hata kwa mtu wa miaka 25. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea kinyozi hawezi kukirudisha. Mwambie achue mabega, kichwa akiache.

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama shingo imekaza pamoja na homa na kichwa kikali. Kama umeanguka au umepata ajali ya bodaboda. Kama mkono unakufa ganzi au hauna nguvu. Kama taya linakaza. Kama mtoto ana homa, anashindwa kumeza na ameinamisha kichwa upande. Au kama imeanza baada ya dawa. Ikipita wiki mbili bila nafuu, au unapungua uzito na kutoka jasho usiku, nenda pia, maana kifua kikuu nacho hukaa kwenye pingili.

Wale wapagazi na wale wa Kariakoo hawakuwa na wa kuwauliza "shingo inakuumaje?" Aliyeanguka, mzigo wake alipewa mwingine na safari ikaendelea. Mama anayepita na beseni asubuhi hii bado ana watu wanaoweza kumuuliza. Kumsaidia kutua mzigo unachukua sekunde tano, na mikono miwili.

Na kwenu, ile ngata mliiita jina gani: kwa Kijita, Kikurya, Kizanaki, Kiluo? Andikeni hapo chini, maana majina hayo nayo yanapotea.